Koko Reli Anapasha Injini

Ndugu msomaji, kama na wewe umeoa kwenye ukoo mkubwa wenye gari moja, sogea karibu tuongee. Usihofu kwamba watatusikia. Hapa Wagenia, Kisangani, hakuna anayemsikia mwenzake. Maporomoko yananguruma usiku na mchana, na mtu aliyezaliwa kandokando yake, kama mke wangu, anaomba chumvi mezani kwa sauti ambayo kule mjini Makiso majirani wangetoka na ndoo za maji wakidhani nyumba inaungua. Mimi nilikuja kuoa nikiwa mtu wa sauti ndogo. Siku hizi nikiingia ofisini mjini naambiwa, "Papa, hatujakukosea kitu, mbona unatugombeza?"

Nimeanza na kelele kwa sababu ndizo zilizoficha mambo ya Jumamosi ile. Ila kabla ya Jumamosi lazima nikutambulishe kwa wahusika, usije ukanihurumia kwa jambo lisilo lenyewe.

Gari letu ni Toyota Carina iliyozeeka kabla hatujakutana nayo. Lilikuja kwa njia ya Bunia: Komanda, Mambasa, Nia-Nia, Bafwasende, tope juu ya tope, na katika mashimo ya njia hiyo mshale wa esanse ulikata roho ukiwa kwenye nusu. Hadi leo tanki letu ni nusu. Ukijaza ni nusu, likikauka ni nusu. Usukani wake uko kulia, nasi huku Kongo tunapita mkono wa kulia, kwa hiyo dereva akitaka kulipita lori haoni mbele. Anayeona ni aliyekaa kushoto, yaani mimi. Kazi yangu katika gari langu mwenyewe ni kuchungulia na kusema "enda" au "ngoja". Nikisema "enda" anaenda. Nikisema "ngoja" anaenda.

Huyo anayeenda ni Mama Turbo, mama wa watoto wangu. Jina alipewa na kaka zake, na Carina haina turbo popote. Turbo ni yeye. Kaka zake hao ni wavuvi, Waenya wa damu, wale unaowaona kwenye kalenda za Kisangani wakining'inia juu ya povu. Wanachimbia magogo kwenye matundu ya mwamba, wanayafunga kwa kamba za msituni, wanashusha mitego mikubwa ya mti yenye umbo la pia ndani ya maji yaendayo kasi, kisha asubuhi na jioni wanakwenda kutazama mto umewapa nini. Ni kazi ya kuchelewa kidogo tu ukafa. Sasa dada wa watu wa namna hiyo utamwambiaje apunguze mwendo kwa ajili ya bata wawili barabarani? Akigeuza ufunguo, mguu wake umeshafika chini. Injini haijajua hata kama kumekucha, tayari inapiga mayowe hadi kwa mwenye kioski.

Hapo ndipo anapoingia mwanangu Dido, tunayemwita Injiniya. Ana umri wa kulala hadi saa nne, lakini anaijua injini kuliko anavyomjua kasisi wa parokia. Usiku anatazama kwenye simu Safari Rally ya kule Naivasha, mchana anatuletea hotuba. Hotuba yenyewe, naikubali kwa shingo upande, ina akili. Anasema injini baridi si lazima iwe imeona barafu. Kisangani iko jirani kabisa na ikweta, alfajiri yetu ina nyuzi ishirini na kitu, sisi tunajifuta jasho. Lakini mafuta ya injini yanataka nyuzi 80 hadi 100 ndipo yafanye kazi yake sawasawa. Yakiwa baridi ni mazito, yanachelewa kupenya pale chuma kinaposuguana na chuma. Pistoni ni ya alumini na silinda ni ya chuma, na alumini inavimba upesi zaidi ikipata moto. Ukiikurupusha kabla havijazoeana, unakula injini yako mwenyewe kidogo kidogo. Tena usiuamini mshale wa maji, anasema: maji yanapata moto mapema, mafuta yanafuata nyuma dakika kadhaa. Hata magari ya Formula 1 hayawashwi yakiwa baridi. Mafundi wanapasha maji na mafuta kwanza kwa mashine za pembeni, ndipo injini inageuzwa.

"Kwa hiyo, Mama," anamaliza, "unawasha, unangoja nusu dakika, unaondoka polepole. Usipite mizunguko 2,500, ikizidi sana 3,000. Dakika kumi na tano hivi. Baada ya hapo kimbia utakavyo."

Mama Turbo siku moja alimsikiliza vizuri kabisa, mikono kiunoni.

"Kutoka hapa hadi soko kuu ni dakika ngapi?"

"Kama kumi, Mama."

"Basi nitakimbia lini?"

Injiniya aliniangalia mimi. Mimi niliangalia mto. Nimejifunza kuuangalia mto. Ni mpana, unapokea macho ya waume wengi.

Upande wa pili wa jambo hili yupo baba mkwe wangu, ambaye watoto wanamwita Koko Reli. Baba yake alikuwa mchochea moto kwenye garimoshi la rive gauche, ukingo wa kushoto wa mto, reli ile ya kilomita 125 iliyofunguliwa mwaka 1906 ili watu na mizigo wayakwepe maporomoko saba, kutoka hapa hadi Ubundu, enzi miji hiyo ikiitwa Stanleyville na Ponthierville. Koko alikulia kati ya kuni na mvuke, na hilo limemharibu moja kwa moja. Anajua, na ni kweli, kwamba boila haiwashwi kwa pupa: moto unawekwa mdogo, masaa yanapita, chuma kinatanuka taratibu mahali pote, la sivyo mabomba yanaanza kuvuja. Garimoshi la asubuhi linaamshwa usiku. Vizuri. Shida ni kwamba mbele ya macho ya Koko kila chenye moshi ni garimoshi.

(Wazungu wa sinema walipokuja mwaka 1951 kupiga sehemu ya The African Queen kwenye mto Ruiki, upande wa Ubundu, Koko anadai baba yake alikuwepo, akamwona Humphrey Bogart akiipiga teke injini ya mvuke ya ile boti. Kila mzee wa reli niliyekutana naye Lubunga, kwenye ukingo huo, ana baba aliyekuwepo. Lakini ni Koko peke yake aliyetoa funzo kwamba teke nalo ni matengenezo, na tairi la mbele la kushoto ni shahidi.)

Basi Koko akipewa ufunguo anaiwasha Carina, anaileta mkao wa kupumzika, anavuta kigoda chake nyuma ya gari na kukaa akitazama bomba la moshi. Bomba linadondosha maji, tone, tone. "Inatoa jasho," anasema. "Homa haijatoka." Hainuki hadi matone yaishe. Injiniya ameshamweleza kwamba hayo si jasho wala homa: kila lita ya esanse inayoungua inazaa maji karibu lita moja, na bomba likiwa baridi mvuke unageuka matone humo humo. Ameshamweleza pia kwamba kuiacha injini ikinguruma mahali pamoja ni kuitesa: ikiwa baridi inamwagiwa esanse nyingi kupita kiasi, esanse hiyo inaosha mafuta kwenye kuta za silinda na kuteremka kuyachafua yaliyo chini, na wakati huo giaboksi na beringi za magurudumu hazina habari, kwani magurudumu hayajageuka.

"Koko, gari linapashwa moto likitembea."

"Na pondu, mjukuu wangu? Linaiva likitembea?"

Mjadala uliishia hapo, na mama mkwe akacheka peke yake jikoni. Tangu siku ile kile kicheko nilipaswa kukipeleleza. Mama mkwe tunamwita Mama Serikali, kwa sababu hatangazi mipango yake na kodi analipisha.

Sasa Jumamosi. Dada mkubwa wa Mama Turbo, Yaya Kinshasa, alikuwa anakuja kututembelea. Ndege ilikuwa itue Bangoka asubuhi, na uwanja wa Bangoka uko kilomita kama 17 nje ya mji. Yaya Kinshasa haji kusalimia, anakuja kukagua. Hujafungua mlango, ameshahesabu nyufa za ukuta. Kwa hiyo Ijumaa jioni nyumba nzima ilikuwa inafagiwa hadi darini, nami nikatumwa kwa kadhafi.

Hawa kadhafi ni vijana wanaouza esanse kando ya barabara kwa chupa na bidoni. Jina walilirithi kwa yule mkubwa wa Libya mwenye visima vyake. Wa kwetu ana meza ya mbao, chupa zimepangwa kwa urefu, esanse ndani yake ina rangi ya chai iliyosahaulika. Faneli yake ni chupa ya plastiki iliyokatwa shingo, na ndani ameweka kitambaa cha fulana cha kuchujia. Ananyanyua chupa juu, anaigeuza, anaitikisa tone la mwisho mbele ya macho yako ili ushuhudie, kisha anapangusa mdomo wa tanki kwa kiganja na kukinusa kiganja. Alimimina lita tano. Kwa mshale wetu hazikuongeza wala hazikupunguza. Ila mimi nilijua: lita tano, kwenda na kurudi Bangoka, na chenji ya kupita sokoni.

Nililala kwa amani. Mto ulikuwa unanguruma kwa namna yake, na chini ya mngurumo ule ungeweza kuficha kiwanda.

Kulipokucha nilitoka uani na mswaki mdomoni, nikaikuta Carina inanguruma. Koko yuko kwenye kigoda chake, nyuma, kajifunika blanketi. Mbele, karibu na boneti, amesimama Mama Serikali, kajifunga kitenge kipya, mikono nyuma, uso wa askari wa benki.

"Papa, umeliwasha tangu saa ngapi?"

"Tangu jogoo wa kwanza, mkwe wangu. Leo ni safari."

"Na jasho halijaisha?"

"Lilikwisha zamani," akasema, kisha akamtupia mkewe jicho la wizi, akarekebisha kauli. "Lakini kuna jasho la ndani."

Injiniya alitoka nyuma yangu na nywele zimelala upande mmoja. Alisikiliza injini, akahesabu kwa vidole. Injini ya namna hii ikiwa imesimama tu inakunywa karibu lita moja kwa saa, akaninong'oneza. Nami nikahesabu kutoka jogoo wa kwanza. Nikamwambia Mama Turbo kwa upole wote niliojaliwa kwamba tupite kwanza kwa kadhafi.

"Papa Dido, mshale uko kwenye nusu."

"Mshale ulikufa Bafwasende, mama."

"Usililaani gari asubuhi. Ingieni!"

Tukaingia: yeye kwenye usukani, mimi kushoto kwenye wadhifa wangu, nyuma Koko, Mama Serikali, Injiniya, na mwanetu mdogo Bebe kwenye mapaja ya nani sijui, maana alikuwa anazunguka. Niliuliza Yaya Kinshasa atakaa wapi wakati wa kurudi. Swali halikuwekwa kwenye ajenda.

Na lazima nikiri kitu kimoja kwa heshima ya ukweli: tangu tuifahamu Carina haijawahi kukimbia vile. Moto ulikuwa umepenya kila msumari. Tulipita Kabondo watu wa toleka wakiinama na baiskeli zao, motari na pikipiki zao wakitupisha wenyewe. Gia ziliingia bila kupigiwa magoti. Mama Turbo alikuwa anaimba. Injiniya, ambaye kwa kawaida katika dakika hizi huomboleza kwa ajili ya pistoni, alikosa la kusema. Kanuni zilikuwa zimetimizwa, ingawa kwa njia za kishenzi.

Kitu pekee kilichonisumbua ni harufu.

"Hamsikii samaki?" nikauliza.

"Ni mto," akasema Mama Serikali.

"Mto tumeuacha nyuma."

"Ni mafuta," akasema Koko. "Yameiva."

Bebe alikuwa amekwisha kulala, na usingizini alikuwa anatafuna.

Mbele ya kilomita ya kumi hivi, msitu umeanza kusogea barabarani, Carina ilikohoa mara moja kistaarabu, kisha mara ya pili bila ustaarabu, kisha ikanyamaza. Tuliserereka hadi kando ya majani. Na huko, ndugu yangu, hakuna maporomoko. Kulikuwa na ukimya niliokuwa nimesahau kwamba upo duniani, na ndani ya ukimya ule familia nzima ikaanza kuzungumza kwa sauti ya Wagenia. Ndege waliruka. Mwenye baiskeli aliyebeba mikungu ya ndizi alishuka akakimbilia kwetu, akidhani kuna maiti.

"Mshale uko kwenye nusu," alisema Mama Turbo, akiugongagonga kioo kwa ukucha.

Koko alikwenda kwenye tairi la mbele la kushoto akalipa haki yake. Halikusaidia. Injiniya akataka kufungua boneti, na hapo Mama Serikali, ambaye magoti yake yamekuwa yakiuma tangu nimwoe binti yake, aliruka kutoka kiti cha nyuma kama mwenye miaka ishirini.

"Msifungue! Injini inapata baridi!"

Tulifungua. Juu ya lile bati linalofunika bomba la moshi, limefungwa kwa waya imara kuliko betri yetu, kulikuwa na liboke, samaki aliyefungwa kwenye majani. Liboke la haki, kubwa, majani yamekuwa meusi pembeni, mafundo ya kamba bado yana adabu, na kwenye mkunjo mmoja mchuzi unatoka na kuchemka polepole juu ya chuma. Kapitene mzima. Shemeji walikuwa wamemtoa mtegoni Ijumaa jioni, nami nilikuwa nimeambiwa ameuzwa.

Hakuna aliyesema kitu. Injiniya alinyoosha mkono juu ya lile bati kupima joto, akatikisa kichwa kwa heshima.

"Makaa yamepanda bei," akasema hatimaye Mama Serikali, akitazama msitu. "Na mlitaka Yaya afike Kisangani apokewe kwa mkate?"

Nilimgeukia Koko Reli. Boila, chuma kinachotanuka, jasho la ndani, baba yake na kuni zake, falsafa yote ile ya miaka na miaka. Koko alikuwa anaangalia mawingu.

"Aliniambia nisizime hadi apite kijiko," akasema.

Nikiwa bado natafuta mtu wa kumlaumu ambaye si mkwe wangu, simu ya Mama Turbo ikalia. Yaya Kinshasa alikuwa ameshatua, ameshachukua masanduku, ameshaona jinsi uwanja ulivyofagiwa. "Tuko njiani," akasema Mama Turbo, na hapo hakudanganya. Mimi nikasimamisha motari aliyekuwa anarudi mjini, nikatumwa esanse kwa mara ya pili kwa ajili ya safari ile ile. Kadhafi wa huko alikuwa na bei ya mtu aliyeiona Carina yetu ikipita dakika chache kabla.

Niliporudi na bidoni kati ya magoti, mgeni alikuwa amefika. Yaya Kinshasa alikuwa amekuja kwa motari mmoja na masanduku yake kwa motari wa pili, wigi limeelekea Ubundu. Boneti ya Carina imefungwa na kutandikwa kitenge kipya cha Mama Serikali, juu yake liboke limefunguliwa, na watu saba wanakula wamesimama: saba, kwa sababu mwenye ndizi naye alichangia mkungu na amekaribishwa. Yaya alichota kipande cha tumboni, akakitafuna akiwa amefumba macho. Mara ya kwanza ninamwona anafumba macho bila kusali.

"Nani amepika?" akauliza kwa Kilingala chake cha kukagua.

"Carina," akajibu Injiniya.

"Amepunguza pilipili," akasema Yaya, akachota tena.

Mimi niliachiwa kichwa, ambacho kwa Waenya ni heshima, au ndivyo wanavyowaambia wakwe.

Tulipomimina esanse Injiniya alishika kioo cha dirisha kwa mikono miwili. Injini imepoa, akasema, na sasa kuna shangazi mkubwa ndani ya gari. Safari hii kanuni zifuatwe. Yaya Kinshasa, ambaye hakupenda alivyosikia habari za mwendo wa kuja, alimuunga mkono. Mama Turbo alihemewa na wingi wa kura. Akaapa mbele ya mama yake: dakika kumi na tano, mguu mwepesi, baiskeli zitupite zikitaka.

Kuhusu swali langu la viti, lilipata jibu lake lenyewe. Yaya alikaa mbele, upande wa kuchungulia. Masanduku mawili yaliingia nyuma pamoja na wazee. Sanduku la tatu nilipewa mimi, pamoja na motari.

Nilitangulia, sanduku kifuani, na kwa muda mrefu nikigeuka niliiona Carina ikitambaa nyuma yetu kwa unyenyekevu usio wa ukoo ule. Motari akaniuliza kama ile gari ina msiba. Tulipoanza kuona nyumba za Kabondo nilisikia nyuma yangu ule mlio ninaoufahamu. Carina ilitupita ikiwa imeinama upande mmoja, Yaya Kinshasa kashika wigi kwa mikono yote miwili, Koko Reli anacheka meno yake yote matatu nje, na Injiniya ametoa kichwa dirishani akinipungia saa ya mkononi:

"Papa! Dakika kumi na tano zimetimia!"